Koti Kwenye Msumari wa Baba

Juzi nilimchapa mwanangu kofi kwa kosa la kuwa na adabu. Ana miaka mitano. Fundi alikuwa amekuja kuangalia paa letu linalovuja, akavua koti lake akalitundika kwenye kamba ya nguo, akapanda, akapima, akashuka, akaenda zake akalisahau. Mtoto akalichukua, akalikunja vizuri, akaanza kukimbia nalo kuelekea barabarani akiita fundi, fundi. Nilimfikia kabla hajavuka mtaro. Mkono ulienda wenyewe. Akalia akiniuliza, "Si ni ya mtu, Mama? Si ni ya mtu?"

Nilibaki nimesimama na lile koti. Lilinuka jasho na saiprasi mbichi, ile harufu ya mbao zilizopasuliwa asubuhi hiyohiyo, kali kidogo, tamu kidogo. Ninyi mliokua hapa Kisumu wakati mmoja na mimi mnaijua. Kwenu labda ni harufu ya nyumba mpya na shangwe zake. Kwangu ni harufu ya kitu nilichokifanya nikiwa darasa la nne. Nimekaa nacho mpaka leo, nina hasira, na nitakiandika kama kilivyokuwa.

Tulikaa Manyatta, kwenye kiwanja cha babu, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo baba aliijenga kabla sijazaliwa. Kuta za udongo zilizopigwa plasta ya simiti kwa nje, mabati juu. Nyuma ya mlango baba alikuwa amegonga msumari wa inchi sita, na hapo ndipo koti lake la kazi lilipokaa kila alipokuwa nyumbani. Ukiliona koti, baba yuko. Usipoliona, bado yuko kazini. Kisha akaugua kifua, akapelekwa hospitali, akarudi kwa jeneza. Koti likazikwa naye, msumari ukabaki. Nilizoea kuuangalia nikiwa nakula.

Mama aliuza omena, dagaa wa ziwani. Asubuhi alikuwa ufukweni Dunga kununua, mchana sokoni Kondele kuuza kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, jioni amerudi ananuka ziwa zima. Alikuwa mwanamke wa kanisa, mkali, na alikuwa na sheria moja ambayo ilizidi zote. Kitu cha mtu kinarudi kwa mwenyewe kabla jua halijazama. Siku moja alinirudisha kwa jirani yetu Mama Pamela na sindano, sindano moja, kwa sababu nilisema nitaipeleka kesho. "Kesho ni ya nani?" aliniuliza. Nikaenda.

Baada ya baba kuzikwa, alibaki na wazo moja. Pesa kidogo zilizotoka kazini kwa baba angezitumia kuongeza vyumba viwili ubavuni mwa nyumba, avipangishe, na kodi iwe karo yangu mpaka nimalize sekondari. "Omena ana msimu," alisema. "Mpangaji hana msimu." Kama vyumba vile visingesimama, mimi ningeishia darasa la saba na kwenda kubeba beseni kama yeye. Alinieleza hivyo waziwazi, na mimi nilielewa hivyo.

Fundi aliitwa Kegode, mtu wa Vihiga, mfupi, mwenye penseli nyuma ya sikio ambayo sikuwahi kuiona akiitumia. Kuandika alimwachia mtu mwingine, na siku ile mtu mwingine alikuwa mimi. Nilikaa kwenye kigoda na daftari langu la hesabu, nikafungua kurasa za nyuma, yeye akazunguka nyumba akipima kwa hatua na kuita vitu. Mama alimfuata nyuma akibishana na kila kimoja.

"Misumari kilo tano."

"Kilo tano ya nini, Fundi? Unajenga kanisa?"

"Mama, bati bila msumari ni kofia ya kuazima. Upepo wa ziwa utakuja kuchukua yake."

"Andika tatu," Mama akaniambia.

"Andika nne," akasema Kegode.

Niliandika nne. Niliandika mchanga, kokoto, simiti ya msingi na ya sakafu, mbao za mbili kwa mbili na za mbili kwa tatu, mabati, bawaba, leba ya fundi, yaani ujira wake, leba ya vibarua wawili. Alipofika kwenye chai ya fundi Mama akanifutisha. Chai utainywa hapa, alimwambia, haiandikwi. Kegode akasema basi niandike kwamba chai iko. Mama akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba, na nikaandika kwa herufi kubwa, CHAI IKO.

Kisha Kegode akampa shauri. Vyumba vikisimama peke yao, alisema, vitataka kuta nne. Vikishikanishwa na nyumba ya zamani vitataka tatu, kwa sababu ukuta wa baba utafanya kazi ya wa nne. Paa nalo litaingizwa chini ya paa la zamani, maji yateremke pamoja. "Unaokoa ukuta mzima, Mama." Mama aliuangalia ule ukuta wa baba, akaupapasa kwa kiganja, akasema ni tatu. Hakuna aliyekuwa mjinga pale. Mtu yeyote mwenye pesa chache angesema tatu.

Matofali tuliyafyatua wenyewe, ya udongo, bila kuchoma, kwa sababu ya kuchoma yalitushinda. Ya udongo hayana shida mradi yawe na paa juu na plasta nje. Kwa wiki tatu kuta zilipanda. Nilikuwa nikitoka shule nakimbia kuona zimefika wapi, kwenye goti langu, kwenye tumbo, juu ya kichwa. Mbao zikaja kwa mkokoteni, saiprasi mbichi, uani kote kukanuka. Mabati yakaja, mapya, yakiumiza macho.

Siku ya kupaua, Kegode alipanda ngazi na kuwaambia vibarua wake wawili wapande upande wa pili waanze kulegeza safu ya chini ya mabati ya zamani, ili mapya yapite chini yake. Hawakupanda. Walisimama na nyundo zao wakiangalia chini.

"Mzee, kuta tumejenga," akasema yule mkubwa wao, mtu wa hapahapa Manyatta. "Lakini hii paa ni ya marehemu. Mama bado ni mke wa kaburi. Hajashikwa na mtu. Mimi nina watoto, siwezi kufungua."

Kwetu mjane hukaa hivyo, mke wa kaburi, mpaka ndugu wa marehemu amrithi, alale kwake. Kabla ya hapo nyumba ya marehemu haiguswi, bati halitolewi, nguzo haibadilishwi, na anayegusa anajitafutia balaa yeye na wanawe. Mimi sikuelewa hata kidogo. Nilifikiri kibarua anaogopa urefu.

Kegode alishuka. Mama akamwuliza ni pesa ngapi, aseme tu, atatafuta.

"Hii si ya pesa, Mama."

"Nilikuuliza kila kitu. Mpaka chai nilikuuliza. Mbona hii haikuandikwa?"

"Mimi ni wa Vihiga, haya yenu sikuyajua. Ningejua ningekuambia ujenge kuta nne." Alikuwa amevua kofia na kuishika mbele yake kama mtu aliyekuja matangani. "Peke yangu siwezi kupandisha mbao. Na nikitafuta wengine wa hapa, watakuambia hivyohivyo."

Mama alikwenda kwa mkubwa wa kanisa. Akaambiwa atamwombea, lakini hayo mengine ni ya ukoo, akazungumze na ukoo. Akina mama wa kanisa walimwambia avumilie. Avumilie nini, hawakusema. Na mawingu yalikuwa yameanza kusimama juu ya ziwa kila alasiri, meusi chini, meupe juu.

Ukoo kwetu ulikuwa Baba Mdogo, mdogo wake baba, aliyetengeneza baiskeli Kondele na kuacha mke na watoto kijijini. Yaliyosemwa kati yake na Mama niliyajua baadaye. Mama alimwambia ameokoka, hataki mwanamume, lakini anataka paa. Wakabishana siku mbili, na Mama Pamela katikati. Mwisho Baba Mdogo akakubali kitu ambacho wajane wengine wa kanisa walikuwa wamekifanya. Angeleta koti lake, litundikwe ndani ya nyumba, lilale usiku mmoja. Koti likilala, ni kama mwenye koti amelala. Asubuhi vibarua wangepanda. Mama hangeguswa. Vibarua nao walikubali, hata walishukuru, maana walitaka malipo yao.

Koti usiku mmoja. Hiyo ndiyo bei Mama aliyopigania mpaka akaipata, na naweza kusema ilikuwa bei nzuri kuliko zote zilizokuwa kwenye daftari langu.

Hakuna aliyeniambia mimi. Mtoto aambiwe nini kuhusu mambo kama hayo?

Nilitoka shule, Mama yuko Kondele na omena wake. Nikafungua mlango, nikatupa mkoba, nikageuka, na kwenye msumari wa baba kulikuwa na koti.

Kwa muda wa kupumua mara moja nilijua baba yuko nyumbani. Kisha nikaliona ni la kahawia, la baba lilikuwa la buluu, na linanuka grisi ya baiskeli. La Baba Mdogo. Amekuja, amekunywa uji, kikombe chake hiki hapa mezani, amesahau koti. Na jua lilikuwa limekwisha kuinama.

Nililishusha. Nililikunja mikono ndani, kama Mama alivyonifundisha kukunja nguo ya mtu, nikafunga mlango na kukimbia. Sijawahi kukimbia vile. Nilipita visimani, nikapita kwenye mashine ya kusaga, nikatokea Kondele kifua kinawaka, na nikamkuta Baba Mdogo ameketi na wenzake wanne kwenye benchi karibu na baiskeli zake.

"Baba Mdogo, umesahau koti yako kwetu."

Walilitazama koti, wakamtazama yeye. Kisha mmoja akaanza kucheka, wote wakafuata, wakapiga benchi kwa viganja.

"Ndugu yangu, umerudishiwa koti."

"Hata saa mbili halijakaa."

"Mama ametuma mtoto. Yeye mwenyewe ameona haya kukuambia unanuka grisi."

"Mwachieni. Koti limekataliwa, mwenyewe je?"

Baba Mdogo hakucheka. Alilichukua koti akaliweka magotini. Mimi nilidhani wanafurahia adabu yangu. Mmoja wao, akijifuta machozi ya kicheko, aliniambia mimi ni msichana mzuri sana, akaninunulia mandazi. Nikarudi nyumbani polepole nikila, nikifikiria nitakavyomwambia Mama.

Nilimwambia. Alikuwa ametua beseni na kuanza kuwasha jiko. Aliutazama msumari. Akanitazama mimi, sukari bado mdomoni. Nilingoja aseme vizuri, mwanangu. Aliketi tu chini, miguu imenyooka mbele, kama wanavyoketi wanawake msibani, na moto ukazimika.

Alijaribu. Alikwenda jioni ileile, na kesho yake, kumweleza shemeji yake kwamba ni mtoto, hakujua. Lakini Kondele nzima ilikuwa imecheka. Baba Mdogo akasema koti lake haliendi tena kwa mtu. Kama Mama anataka paa, ataingia mwenyewe, na miguu yake. Mama akasema hapana, ni heri kuta zianguke.

Siku ya nne mvua ikaja. Ilitoka ziwani mchana, ikatanguliwa na upepo wenye mchanga. Mama alifunga biashara akakimbia nyumbani, akanikuta. Tukatandaza juu ya kuta magunia, karatasi za nailoni, blanketi letu, tukakandamiza kwa mawe. Upepo ulichukua nailoni kwanza. Mama akapanda juu ya pipa akashika gunia kwa mikono miwili, maji yanampiga usoni, ananipigia kelele nilete mawe, mimi naleta mawe, na hayatoshi.

Tofali la udongo likinywa maji halianguki kwa kishindo. Linalainika, linainama kama mtu anayesinzia kanisani. Kona ya nyuma ilikaa chini polepole mbele ya macho yetu, ikachukua nusu ya ukuta.

Mvua ilipopungua Mama aliingia kwenye lile tope akaanza kutafuta matofali mazima. Aliokota moja, likamvunjikia mkononi. Akaokota lingine. Mawingu mengine yalikuwa yanakuja. Akasimama, akajipangusa mikono kwenye gauni, na akasema bila kuniangalia:

"Nenda kwa Baba Mdogo. Mwambie Mama amesema sawa."

Nikakimbia tena. Ninaandika hili na meno yameumana. Nilikimbia kwa furaha, matope mpaka mapajani, kwa sababu nilifikiri nimepewa nafasi ya kutengeneza nilichokiharibu, chochote kilichokuwa. Nikamwambia Mama amesema sawa. Alifunga kisanduku cha vifaa vyake, akachukua koti.

Mimi nikapelekwa kwa Mama Pamela siku nne. Nilichungulia kwenye ua wake wa mabati nikaona vibarua wamepanda, wanaimba, nyundo zinalia. Niliporudi kona ilikuwa imejengwa upya na paa lilikuwa juu, jipya limeingia chini ya lile la zamani kama Kegode alivyosema. Koti la kahawia lilikuwa kwenye msumari, na mwenyewe alikuwa mezani. Nikaunganisha mambo kwa akili yangu. Vibarua walishindwa, Baba Mdogo akaja, paa likapanda. Kumbe yeye ndiye fundi wa paa. Nikamwuliza, "Baba Mdogo, nyundo yako iko wapi?"

Alicheka mpaka akakohoa. Mama alitoka nje akasimama uani muda mrefu, ugali ukaungua.

Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba baba yetu mdogo anajua kupaua kuliko mafundi wote. Alikuwa anakuja na kwenda kwa karibu miaka mitatu. Mama aliacha kukaa viti vya mbele kanisani, kisha akaacha kwenda. Vyumba vikapata wapangaji, mwalimu mmoja na mshonaji mmoja, na kodi ikalipa karo yangu, muhula kwa muhula, mpaka kidato cha nne. Sikuwahi kufukuzwa hata siku moja. Nilijivunia hilo sana.

Kisha Baba Mdogo akakonda, akarudi kijijini, akafa. Mke wake akafuata. Na Mama, mimi nikiwa nimetoka kujifungua, akaanza kukonda naye. Tulikuwa hatuutaji ule ugonjwa kwa jina lake. Tulisema kifua, tulisema malaria kali, tulisema ameguswa na watu, amerogwa. Majirani walisema ni kwa sababu mila ilichelewa kufuatwa. Nilimfukuza mmoja na ndoo ya maji machafu, na sijutii.

Ni wakati huo ndipo aliponieleza, alasiri moja nikinyonyesha, yeye amelala kwenye chumba kilichokuwa cha mwalimu. Sikumbuki tulianzia wapi. Nadhani nilisema kitu kuhusu paa, kwamba pale jipya linapokutana na la zamani pameanza kuvuja. Akaeleza koti lilikuwa la nini. Akaeleza usiku mmoja. Alieleza taratibu, akipumzika, kama mtu anayekariri orodha, na mtoto alinyonya mpaka akalala na mimi sikumtoa kwenye titi.

Nikamwuliza kwa nini hakunichapa. Hata siku ile, hata baadaye. Mimi nilichapwa kwa kuvunja glasi.

"Ningekuchapa kwa nini?" akasema. "Ulirudisha kitu cha mtu kabla jua halijazama. Ni mimi nilikufundisha."

Aliishi wiki sita baada ya hapo.

Msiniambie ni mila. Mila ilikubali koti. Ilikuwa tayari kuridhika na kitambaa chenye grisi kwenye msumari, kwa usiku mmoja, na wote walijua hivyo, vibarua, ukoo, Mama Pamela. Kilichomwua mama yangu ni wanaume wanne kwenye benchi waliocheka, na wa tano asiyeweza kuchekwa. Na mkubwa wa kanisa aliyesema atamwombea. Na mimi, nikila mandazi. Nimejaribu miaka yote kujitoa kwenye orodha hiyo. Nikikaribia kutoka, nakumbuka jinsi nilivyolikunja vizuri.

Huyu fundi wa juzi, kabla hajapanda, aliniuliza, "Mama, mwanamume wa hapa ni nani?" Nikamwambia hayupo, aseme anataka nini. Akasema alitaka tu mtu wa kumshikia ngazi. Nilimshikia mimi. Alipoondoka swali lake lilikuwa bado masikioni mwangu, na ndipo nikamwona mtoto amefika mtaroni na koti.

Leo amerudi na orodha yake. Nimeisoma mara tatu. Nimemwuliza kama kuna kitu kingine chochote, chochote kabisa, ambacho hakijaandikwa, na nadhani nimemtisha, maana amesema hapana mara tatu pia. Kisha akauliza kama aliacha koti lake hapa.

Nimemwita mwanangu. Nimemwambia alitoe ndani ampelekee mwenyewe. Amelileta limekunjwa, mikono ndani, na kabla ya kumpa fundi amesimama hapo mlangoni, ameutazama kwanza mkono wangu.